Habari Isiyorudishwa

Mimi ndiye niliyeinua mkono wa kwanza. Nasema mapema, kwa sababu watu wa idara yetu wakisimulia jambo hili siku hizi husema "kamati iliamua," na kamati ni mdudu asiye na kichwa wala mkia, hujui umshike wapi. Mimi nashikika. Naitwa Hamida Nurdini, Mrangi mzaliwa wa Kondoa, mwalimu wa uandishi wa habari hapa Dodoma kwa miaka ishirini na mitatu, mwanamke mwenye miwani miwili na subira nusu.

Kikao kilikuwa cha kupitisha mtaala mpya. Mkuu wetu wa idara, Dokta Ulimboka, kijana wa Kinyakyusa mwenye adabu nyingi na shati lisilojua kukunjamana, alisimama mbele akasema ukweli ambao sote tuliujua. Wanafunzi wetu wanamaliza miaka mitatu hawajui kupiga video, hawajui kuihariri kwenye simu, hawajui hata kuhakiki kama picha inayozunguka mtandaoni ni ya jana au ya miaka kumi iliyopita. Magazeti yanapungua kurasa, na vyombo vinataka kijana anayeweza yote hayo peke yake. "Tunawafundisha kazi ambayo haipo tena," alisema. Sikuwa na hoja ya kumpinga. Mpaka leo sina. Nimekutana na wanafunzi wangu wengi mno pale stendi wakiuza laini za simu, na kila mmoja huniamkia kwa heshima inayoniumiza.

Lakini masomo mapya sita hayawezi kuingia bila mengine kutoka, na moja la kutoka lilikuwa langu. Liliitwa Habari za Vijijini, na ndani yake kulikuwa na sharti moja ambalo wanafunzi walilichukia kuliko mtihani. Tuliliita kurudisha. Ukishamhoji mtu na kuandika habari yake, huileti kwangu. Unarudi kwake kwanza, hata kama ni mwendo wa nusu siku, unakaa chini, unamsomea neno kwa neno. Akisema toa, unatoa. Akisema sikusema hivyo, unaandika alivyosema. Ndipo unaniletea.

Sharti hilo sikulitoa kitabuni. Baba yangu alikuwa muuza mafuta ya alizeti Kondoa, na siku moja alimlalamikia mwandishi aliyepita kwamba kuna mtu kaiba madumu yake. Gazeti likatoka na kichwa cha habari kwamba mfanyabiashara awaita wanakijiji wezi. Baba aliishi miaka minane mingine akitoa salamu msikitini na kuitikiwa na watu wawili. Nilikuwa msichana mdogo, na nilimwona.

Basi kwa nini niliinua mkono? Kwa sababu ya aibu, na aibu yenyewe ndogo. Wiki moja kabla ya kikao tulikuwa na semina ya kompyuta. Nikaitwa mbele nifungue kazi yangu, nami nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile, mpaka projekta ikawaonyesha watu arobaini picha zangu za harusi ya mpwa wangu, moja baada ya nyingine, nikicheza nimevua viatu. Walimu wasaidizi walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Dokta Ulimboka akaja taratibu akasema, "Ngoja nikusaidie, mama." Angeniita mwalimu ningesamehe. Lile "mama" nililala nalo wiki nzima.

Kwa hiyo siku ya kikao, somo langu lilipotajwa na macho yote yakanigeukia, nilijua wanachosubiri. Walisubiri bibi kizee alie juu ya daftari zake. Sikuwapa. Niliinua mkono kabla ya yeyote, nikasema, "Liondolewe. Dunia imesonga." Wakanipigia makofi, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Ningeweza kuongeza sentensi moja tu: somo ondoeni, ila kurudisha kubaki, hata kwa hizo video zenu. Hakuna ambaye angekataa. Niliogopa wangenicheka tena.

Sasa nimtaje Anyesi.

Ng'ambo ya Hombolo kuna kijiji cha wakulima wa zabibu, na huko ndiko nilikopeleka wanafunzi kila mwaka. Anyesi alikuwa mjane wa Kigogo, Mwanglikana wa kukata na shoka, mwenye ekari moja ya mizabibu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Aliniita "huyu Mrangi wangu" na kuniuliza kila mwaka kama huko kwetu milimani tumeshajua kutofautisha mzabibu na mharage. Kwa miaka kumi na moja alizungumza na vijana wangu akiwa shambani, mkasi wa kupogolea mkononi, na mkasi aliushika kwa mkono wa kushoto. Wenzake walimtania kwamba ndiyo maana zabibu zake ni tamu, zimekatwa kinyume.

Hakujua kusoma, lakini sijapata kuona mhariri kama yeye. Kijana akirudi kumsomea, alikaa kwenye kigoda, akafumba macho, akamkatiza kila mistari miwili. "Hapo umesema tunateseka. Mimi nilisema tunachoka. Kuteseka ni kwingine." Au, "Hilo la jirani toa. Nilikuwa na hasira." Mwanafunzi mmoja aliwahi kubisha kwamba maneno yake yako kwenye daftari, hayakataliki. Anyesi akamwambia, "Mwanangu, maneno nimekuazima, sijakupa." Maneno hayo niliyaandika ubaoni kila muhula.

Ndivyo alivyozoea. Wakati wa mahojiano alisema yote, ya moyoni na ya hasira, kwa sababu alijua siku ya kuchagua inakuja. Walikuwa wakirudi Jumamosi. Jumamosi alichemsha chai ya tangawizi, akasikiliza, akachagua.

Mtaala mpya ukaanza. Wanafunzi walifurahi, nami nilipewa somo la Historia ya Vyombo vya Habari, mahali pa kumhifadhi mtu mpaka astaafu. Katika kundi la kwanza la video alikuwamo binti mmoja wa Kipare, Tumsifu, mwenye macho ya kuona na miguu isiyochoka. Nilikuwa nimemfundisha mwaka wa kwanza. Wenzake walipiga video za foleni na wanamuziki wa mtaani. Yeye alipanda gari la Hombolo akaenda kumtafuta Anyesi, kwa kuwa nilikuwa nimemsimulia darasani. Alipofika alijitambulisha kwamba ni mwanafunzi wa Mwalimu Hamida. Anyesi akamkaribisha, akaendelea kupogolea, akasema yote.

Alichosema ni hiki. Pale kijijini wakulima wana pampu moja, na maji yanaenda kwa zamu. Mwenyekiti wa kikundi, Bartolomayo, alikuwa akijipa zamu za wengine, mizabibu yake inakunywa mara tatu wakati ya wajane inakunywa mara moja. Kila mtu alijua na kila mtu alinyamaza. Anyesi alikuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kunyamaza, maana Bartolomayo ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, na ekari ile haikuwa na karatasi yenye jina lake. Alilima kwa ridhaa ya ukoo, na ridhaa ya ukoo ilikuwa mdomoni mwa Bartolomayo.

Tumsifu alirudi jioni ile akanikuta nafunga ofisi.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba."

"Madam, nimetoka kwa mama Anyesi. Amenipa habari nzito sana. Uso nitauziba, nitauweka ukungu, na jina sitalitaja. Mwongozo mpya ndivyo unavyosema." Akasita. "Ila nilitaka kuuliza. Ni lazima nirudi nikamwonyeshe kwanza? Mwisho wa kupandisha asaimenti ni kesho saa sita, na nauli imeniishia."

Nimelirudia swali hilo mara nyingi kichwani. Binti aliuliza. Hakuwa mjeuri wala mvivu, kuna kitu kilimwambia haijakamilika, akaja kwa mtu aliyejua. Nami nilikuwa nimetoka kwenye kikao ambamo Dokta Ulimboka alinikabidhi ratiba yangu mpya, vipindi viwili kwa wiki. Nikasema, "Kurudisha kuliondolewa. Kawaulize wenye mtaala wao."

Nikafunga mlango. Wahenga walisema hasira hasara, lakini hawakusema hasara ya nani.

Video ilipandishwa kesho yake saa tano na nusu. Ilikuwa ya dakika mbili na sekunde kumi, na kwa haki yake ilikuwa nzuri kuliko kazi yoyote iliyopata kutoka idara yetu. Siku ya tano ilikuwa imetazamwa na watu laki mbili. Dokta Ulimboka akatuita wote ukumbini tuitazame kwenye ukuta uleule niliochezea bila viatu.

Uso ulikuwa wingu la kijivu. Chini ya wingu, mikono. Mkono wa kushoto ukishika mkasi, ukikata, ukitupa kijiti, ukikata. Nyuma yake mlango wa nyumba, wa rangi ya bluu, uliopakwa kwa rangi iliyobaki shule ya msingi ilipokarabatiwa. Na sauti, ile sauti ya kukwama kidogo kabla ya neno gumu, ikisema, "Shemeji yangu anakunywa maji ya wajane."

Ukumbi ulipiga makofi. Mimi nilishika kiti cha mbele yangu. Mwanafunzi wa Dodoma mjini akiona mikono, anaona mikono. Lakini kijiji kile kina mwanamke mmoja anayepogolea kwa kushoto, mlango mmoja wa bluu, na mwenyekiti mmoja mwenye shemeji mjane. Wingu lile lilimficha Anyesi kwa watu laki mbili wasiomjua, likamwacha wazi kwa watu mia tatu wanaomjua. Angesomewa, angesema toa mkono, toa mlango, toa hilo la shemeji, nilikuwa na hasira.

Nilimfuata Tumsifu nje nikamwambia aishushe. Aliponiuliza kwa nini, nilimweleza kwa maneno machache, na nikaona uso wake ukibadilika kabla sijamaliza. Aliishusha palepale. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Video ilikuwa imeshapakuliwa na kusambaa, iko kwenye makundi ya WhatsApp ya makanisa, ya wafanyabiashara, ya watu wa Hombolo wanaoishi Dar es Salaam. Nilimpigia Anyesi simu. Haikupatikana siku hiyo, wala iliyofuata.

Jumamosi nilienda mwenyewe na Tumsifu. Mlango wa bluu ulikuwa na kufuli. Shamba lilikuwa limepogolewa safi, mstari kwa mstari, vijiti vimekusanywa pembeni, na mtu nisiyemjua alikuwa akifungulia maji. Maji mengi. Tulimwamkia, akaitika bila kutuangalia, akasema mwenye nyumba amehamia kwa dada yake, kule Zuzu.

Yaliyotokea nilisimuliwa na jirani aliyezungumza nasi akiwa amesimama nusu ndani ya mlango wake. Ukoo ulikaa siku ya tatu baada ya video. Bartolomayo hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mke wa marehemu ameuanika ukoo mbele ya nchi nzima, na shamba la marehemu linarudi kwa wenyewe. Kuhusu zamu za maji hakuna aliyeuliza. Wale wajane wengine, ambao Anyesi aliwasemea, walikaa nyuma na kuangalia chini. Halafu jirani akaongeza jambo ambalo sikuwa tayari kulisikia: walimwacha kwanza amalize kupogolea. Alikuwa amebakiza mistari minne, na hakuna anayepogolea kama yeye. Akapogolea siku mbili, ndipo wakamwambia.

Njia nzima ya kurudi mjini Tumsifu alilia bila sauti. Sikumbembeleza. Sikuwa na haki ya kumbembeleza mtu kwa kosa langu.

Jumatatu niliingia kwa Dokta Ulimboka nikamweleza yote, pamoja na mkono wangu na mlango niliomfungia binti. Alinisikiliza vizuri. Akavua miwani akasema, "Mama, tulifuata mwongozo. Uso ulizibwa." Kisha akasema ataandika pendekezo, liingizwe somo la maadili ya mtandao, mwaka ujao wa masomo, kama kamati itaafiki. Alihuzunika kweli, nalijua hilo. Aliandika kwenye daftari lake: kamati, Novemba.

Nikachapa karatasi ya maneno yote ya video ile, kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yangu. Jumamosi iliyofuata tukaenda Zuzu.

Tulimkuta uani kwa dada yake, Evarista, amekaa kwenye kigoda cha watu, anabangua karanga kwenye ungo. Treni ya mizigo ilikuwa ikipita, na ilibidi tusubiri ipite ndipo tusalimiane.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja na mwanangu." Tumsifu alikuwa amepiga goti na hainui kichwa. "Inuka, mama. Mchanga una miba hapo."

Nilianza kuomba msamaha, na nilikuwa nimejiandaa, nina maneno mazuri. Akaninyamazisha kwa kuinua kiganja. Nikamwambia kuna baraza la ardhi, kwamba mjane ana haki kisheria, kwamba nitamtafutia wakili. Akauliza ni nani kijijini atasimama kutoa ushahidi. Karanga zikaendelea kudondoka kwenye ungo, na niliona anazibangua kwa kushoto.

"Nilichemsha chai," alisema. "Jumamosi ile. Nikasema watakuja wanisomee. Nilikuwa nimeshapanga ya kutoa. Hilo la shemeji nilikuwa nimelitoa tangu siku ileile, mtoto hajafika hata barabarani." Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayeeleza jinsi mvua ilivyokosekana, na mimi ningetamani anipige.

"Tumekuja kusoma," nikasema.

Nilijua ni upuuzi. Video ilikwisha kwenda kote ilikotaka kwenda, na karatasi yangu haikuwa inakwenda popote. Lakini Anyesi aliweka ungo chini, akajifuta mikono, akafumba macho kama zamani. Tumsifu akachukua karatasi, akanirudishia. Nikasoma mimi.

"Mkulima mmoja wa zabibu, ambaye tumeficha sura na jina lake kwa usalama wake, anasema..."

"Simama hapo."

Nikasimama.

"Jina limefichwa?"

"Ndiyo, mama," alisema Tumsifu. "Tulilificha."

"Liweke. Saa hizi linafichwa kwa nani?"

Nikatoa kalamu, nikaandika juu ya mstari: Anyesi.

"Haya. Na hapo mwanzo umesema mkulima wa zabibu."

"Ndiyo."

"Hapo futa."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na haikutaka kushuka. "Tuandike nini, dada?"

Alifikiri. Alifikiri kwa makini, kama alivyofikiri siku zote, mhariri wangu, ili neno lisizidi wala lisipungue. "Usiandike kitu," alisema. "Acha Anyesi tu."

Nikafuta. Akaniambia nisome tena tangu mwanzo. Nikasoma yote mpaka chini, maji na wajane na shemeji, na mara hii hakunikatiza hata mara moja.